Fundo la Kadi Nyekundu

Presi namba nne ilikuwa imeacha kutii.

Kazi yake ni kushuka, kupiga bati liwe kifuniko cha sufuria, kupanda na kukaa juu mpaka iambiwe tena. Jumatatu ile asubuhi ilishuka, ikapiga, ikapanda, kisha ikateleza kurudi chini kiganja kizima kabla ya kutulia. Hakuna aliyeigusa. Mguu wa mwendeshaji ulikuwa umeshatoka kwenye pedali.

Mwendeshaji aliitwa Shoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Alikitazama chuma kile kilichoning'inia juu ya vidole vyake, akasonya, akachukua bati jingine.

Mama Stoo aliona yote kupitia wavu wa dirisha lake. Alikuwa ametunza stoo ya kiwanda kile miaka kumi na tisa, na Shoto alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Ni yeye aliyemtafutia kazi, na dirisha la stoo lilitazama presi namba nne uso kwa uso. Akiandika, akipokea, akipanga, sikio lake lilibaki kule. Pigo moja, kifuniko kimoja. Pigo moja, mdogo wangu mzima.

Fundi mitambo akaja dirishani, mikono imejaa grisi.

"Mama Stoo, nipe ukanda wa breki wa namba nne. Uliopo umekwisha, umebaki kama karatasi."

Mama Stoo hakuinua uso.

"Ule wa rafu ya juu," fundi akasema. "Uliofungwa nailoni. Miaka mitatu nauona pale."

"Wewe ulikuwa likizo, fundi."

"Kwa hiyo likizo yangu ndiyo imekula ukanda?"

"Ulipigwa kadi nyekundu."

Fundi alizungusha macho kwenye rafu zilizokuwa nyuma ya mama yule. Zamani ungetafuta pa kuweka kikombe cha chai usipate. Sasa zilikuwa tupu, zimepakwa rangi nyeupe, na juu ya kila moja umechorwa mstari wa njano. Kitu chochote hakikuruhusiwa kuvuka mstari.

Meneja mpya ndiye aliyeleta mistari. Siku yake ya kwanza aliingia stoo, akapitisha kidole kwenye vumbi, akauliza, "Hii ni stoo au mochwari? Mbona kila kitu kimelala?" Watu wakacheka, kwa kuwa meneja alikuwa amechekesha. Kisha akatoa bunda la kadi nyekundu zenye uzi. Kitu kisichoguswa siku thelathini kifungwe kadi. Kikifungwa kadi, kitoke, kiuzwe chuma chakavu. Vitu vinunuliwe siku vinapohitajika, vifike saa vinapohitajika, visilale hata usiku mmoja.

Mama Stoo alifunga kadi siku nne mfululizo. Mipira ya kuzuia mafuta, kadi. Fyuzi, kadi. Buti za ziada, kadi. Akaufikia ukanda wa breki, akasita.

"Huu ni wa dharura," alisema. "Haukuguswa kwa sababu dharura haijatokea."

"Kwa hiyo unangoja itokee?" meneja alimuuliza, akitabasamu. "Mama, au umri umekuzidi tukutafutie pa kupumzika?"

Shoto alikuwa pale, ameitwa kusaidia kubeba. Fundo lilikataa kukaza, uzi ulikuwa unateleza kwenye tundu la boliti lililokuwa wazi kando ya nailoni. Akaweka kidole chake cha shahada cha kushoto juu ya fundo, kama walivyofanya utotoni wakifunga mizigo ya kuni, dada akavuta, akapiga fundo la pili.

"Haya, refa katoa kadi," Shoto alisema. "Toka nje ya uwanja, babu."

Hata meneja alicheka. Mwezi ule picha ya Mama Stoo ilibandikwa getini, amesimama kando ya rafu tupu, na chini yake pameandikwa MFANO WA KUIGWA.

Sasa alifunga dirisha, akavuka ua kwenda kwa karani wa ratiba na manunuzi. Walimwita Ubao, maana maisha yake yote yalikuwa mbele ya ubao mweupe wenye majina, mashine na saa.

"Ukanda wa breki nimeshauagiza," Ubao alisema kabla hajaulizwa. "Alhamisi, saa tisa alasiri. Nimepata mwenye nao mmoja tu mji mzima."

"Leo Jumatatu, mwanangu."

"Siku nazijua, mama."

"Basi isimamishe namba nne mpaka Alhamisi."

Ubao alimgeukia, kalamu sikioni. "Vifuniko elfu nne vinatoka Jumatano. Lori la mteja limepewa saa yake. Sufuria zenyewe zimeshatoka presi namba mbili, zipo koridoni, watu wanapita kiubavuubavu. Nikisimamisha, nizilaze wapi? Kichwani kwangu?"

"Zamani tulikuwa na vifuniko vya akiba."

"Zamani," Ubao alisema, kama mtu anayetaja jina la marehemu aliyekufa na madeni.

Akapanda ofisini. Meneja hakumkaribisha kiti.

"Mama Stoo, unanishangaza. Ule ukanda nani aliufunga kadi?"

"Mimi. Wewe ulisema..."

"Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi tusitupiane." Akasaini karatasi, akaiweka pembeni. "Fundi ameikaza breki mpaka mwisho. Itafika Alhamisi. Na huyo mwendeshaji ni kibarua, hakuna aliyemfunga kamba. Akiona hawezi, aseme. Getini pale wamejipanga tangu alfajiri, wote wana mikono miwili."

Saa ya chakula dada na mdogo wake walikaa juu ya kreti nyuma ya stoo.

"Kesho usije," Mama Stoo alisema. "Sema tumbo."

"Tumbo la siku tatu? Dada, Ubao akikosa mtu siku moja, jina anafuta kwa kiganja huku anatafuna karanga. Nimemwona kwa macho yangu."

"Afute."

"Halafu nije kwako, tule rafu nyeupe?" Shoto alicheka, akampiga dada yake begani. "Acha woga. Mimi na lile dude tunajuana. Natoa mkono kabla halijawaza."

"Tumia koleo kutolea vifuniko."

"Nipe basi."

Koleo za akiba zilikuwa zimeondoka siku ya pili ya kadi, kwenye toroli moja na buti.

Jumanne ikapita. Kiganja kimoja kikawa kiganja na nusu. Fundi aliandika kwenye daftari lake kwamba ametoa taarifa, akaonyesha mstari huo kwa watu watatu, akaenda kukaa mbali.

Jumatano kabla ya saa sita, Mama Stoo alikuwa akipokea boksi la skrubu. Zilikuwa zinatosha siku ile tu, si zaidi. Nje pigo moja, kifuniko kimoja. Pigo moja, kifuniko kimoja. Kisha akasikia mapigo mawili mahali pa moja, na la pili halikulia chuma.

Skrubu zote zilimwagika.

Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania, na Shoto alikuwa ameingiza mkono kukibandua, ule anaoutumia kwa kila kitu. Fundi na wanaume wawili walizungusha gurudumu kubwa kwa mikono ili kile chuma kipande. Hakikutaka kupanda. Muda wote huo Shoto hakupiga kelele. Alimtazama dada yake kupitia wavu, midomo ikicheza, na kwa kelele za mashine nyingine ambazo hazikuzimwa, Mama Stoo hakusikia alichosema. Hakuwahi kumuuliza.

Ubao alifuta jina kwa kiganja, akaandika jingine, akahamishia kazi presi namba mbili. Lori la mteja lilichelewa kwa muda wa saa nne. Kwenye ripoti ya wiki, hayo ndiyo yaliyoandikwa kuwa ajali.

Alhamisi, saa tisa alasiri kamili, pikipiki ya muuzaji iliingia getini. Meneja alikuwa uani. Akaitazama saa yake, kisha akawageukia waliokuwepo.

"Mmeona? Saa tisa, si na dakika moja. Hivi ndivyo kazi inavyofanywa."

Mama Stoo alikata nailoni. Ukanda ulikuwa umepakwa rangi nyeusi mbichi, bado ilinata vidoleni. Aliugeuza autafute mwaka wa kutengenezwa. Kwenye tundu la boliti, chini ya rangi, kulikuwa na kitu kimevimba kama chembe ya mtama. Akakikwaruza kwa ukucha.

Uzi mwekundu. Mafundo mawili.

Aliubeba mikononi mpaka kwa meneja. "Huu ni ukanda wetu. Muuzaji kaununua kwa wa chuma chakavu, kaupaka rangi. Hili fundo ni langu."

Meneja alisoma hati ya mapokezi. "Una namba mpya. Una hati. Umefika kwa wakati. Kwangu mimi ni mpya." Akamrudishia karatasi. "Weka sahihi, mama."

Akaweka. Ukanda ukakaa rafu ya juu, ndani ya mstari wa njano, maana presi namba nne ilikuwa imefunikwa turubai ikisubiri mnunuzi.

Shoto alirudi kiwandani baada ya mwezi na siku moja. Hakuja kazini. Walimtaka arudishe vifaa ili karatasi zake zifungwe. Alisimama dirishani amevaa shati la mikono mirefu, akaweka juu ya meza buti, ovaroli na glovu moja.

"Imeandikwa jozi," Mama Stoo alisema taratibu, akitazama fomu badala ya uso.

"Ile nyingine ilikuwa mkononi."

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika upungufu, na nafasi ya sababu. Nafasi ya sababu ilikuwa na urefu wa kidole gumba.

"Andika imepotea," Shoto akasema. "Usije ukajitafutia balaa, dada."

Meneja alikuwa akipita na wageni wawili waliokuja kujifunza namna stoo inavyokaa tupu. Akasimama mlangoni, akaonyesha juu kwa kidevu.

"Ule umelala siku ngapi?"

Mama Stoo hakuhitaji kufungua daftari. "Thelathini zimeisha jana."

"Basi unajua la kufanya. Waonyeshe wageni."

Akaushusha ukanda. Akauweka mezani, kati ya glovu na fomu. Akatoa kadi nyekundu kwenye mtoto wa meza, akapitisha uzi kwenye tundu lile lile, kando ya fundo la zamani. Wageni wakasogea, mmoja akatoa simu apige picha. Akafunga, uzi ukateleza. Akafunga tena, ukateleza.

"Weka kidole," alisema. Yalimtoka tu, kwa mazoea ya tangu utotoni, kabla hajafikiri.

Na Shoto, kwa mazoea yale yale, akanyoosha wa kushoto. Mkono wa shati ukashuka juu ya fundo, mtupu, umekunjika mwishoni pale ulipobanwa kwa pini, ukakaa pale ukingoja avute.

"Kaza, mama," meneja alisema. "Wageni wana ratiba."