Kioo cha Mama Mkwe

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1966, saa nne kasoro robo asubuhi, Etyang, mchanja ng'ombe wa Bulumbi, Uganda, alisimama katika duka la vipuri huko Busia, upande wa Kenya, mbele ya vioo vitatu vya kukinga upepo kwenye pikipiki, vilivyofungwa kwa magazeti. Alikuwa amevua kofia. Mkononi alishika kamba ya mkonge yenye mafundo mawili: fundo la kwanza lilikuwa upana wa mabega, la pili urefu wa mtu aliyeketi, pamoja na kilemba chake.

Muuza duka, Egesa, alifungua kioo cha kwanza. Kilikuwa cheupe, safi kama maji ya mtungi.

"Hiki ndicho wengi huchukua," alisema. "Mdudu akija usoni, anakutana nacho kwanza."

"Mimi sina shida na wadudu. Nataka kioo ya kuweka nyuma."

"Nyuma? Kwani upepo wa nyuma unakusumbua?"

"Nyuma ya mgongo yangu atakaa mama mkwe."

Egesa naye alikuwa na mama mkwe. "Si ungesema tangu mwanzo, ndugu yangu," alisema, akakirudisha kile cheupe ndani ya gazeti.

Mambo yalikuwa hivi. Agwang alikuwa mke wa Etyang, na mama yake, Apolot, aliugua macho. Daktari wa Tororo alisema atiwe dawa Ijumaa sita mfululizo. Akikosa hata moja, atapofuka. Kutoka Bulumbi hadi Tororo ni mbali, na basi halikupita siku za Ijumaa. Pikipiki ilikuwa moja tu, ya Etyang. Lakini kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawagusani, hawasemezani. Kwa miaka ishirini Etyang alimjua mama huyu kwa kikohozi chake, na kwa karanga za kusaga alizomletea kila Krismasi kupitia mkono wa Agwang. Hata kama angeketi nyuma, uso wake ungeonekana katika kile kioo kidogo cha pembeni. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua: pakiwa na ukuta katikati, hakuna kosa. Ukuta haukai juu ya pikipiki. Ndipo Agwang akasema, "Si kuna vioo?"

Kioo cha pili kilikuwa na rangi ya moshi, kizuri sana, ila kilikuwa kifupi. Etyang alipima kwa kamba, akaona kilemba na paji la uso vingebaki nje. Cha tatu kilikuwa kijani kama chupa ya dawa, kirefu, kimelika kidogo pembeni.

"Hiki watu wananirudishia," Egesa alisema. "Wanasema kinaonyesha mambo ya zamani."

Etyang alifikiri. "Zamani mimi sina mama mkwe," alisema, akakichukua.

Pale mpakani askari alimuuliza amebeba nini. Akajibu, kioo ya mama mkwe. Askari akainua kizuizi, akamwambia amsalimie.

Ijumaa asubuhi Etyang aliketi kwenye pikipiki akiangalia ghala la nafaka ya wimbi, mpaka Agwang alipogonga kioo mara mbili kumjulisha kwamba mama amekaa. Walipofika penye mteremko alitazama kioo cha pembeni aone kama kuna lori. Nyuma ya kile kioo kijani alikuwepo msichana wa miaka tisa hivi, amejifunga kaniki, kibao cha kuandikia kwapani, meno ya mbele yana pengo. Etyang alipunguza mwendo, maana mtoto ni mwepesi, anaweza kuruka penye shimo.

"Kaka," msichana alisema, "unaendesha kama umebeba mayai."

"Barabara ni mbaya."

"Barabara haina neno. Ni wewe mwoga."

Etyang alicheka. Desturi inamkataza mtu mama mkwe, haikatazi mtoto. Walizungumza mpaka Tororo. Pale hospitali msichana alishuka, na kwa kuwa aliyeshuka alikuwa mama mkwe, Etyang aligeuka akatazama mwamba wa Tororo.

Jioni alimwambia Agwang, "Ana pengo hapa mbele."

"Ni mama. Jino lilitoka kwa muwa," Agwang alisema, akiendelea kusonga ugali. "Amebeba kibao?"

"Amebeba."

"Basi hiyo ni kabla ya ng'ombe."

Apolot alitolewa darasa la pili akaposwa, na kwa ng'ombe wa mahari yake kaka yake akaoa. Baada ya hapo alisahau herufi moja moja. Ya mwisho kumtoka ilikuwa O, kwa sababu inafanana na mdomo wa chungu.

"Wangemwacha shule," Agwang alisema, "mimi singezaliwa."

"Na mimi leo ningekula kwa nani?"

Walicheka kidogo, wakala.

Ijumaa zilizofuata msichana alisoma kila kilichoandikwa njiani: majina ya maduka, magunia ya pamba juu ya malori, mawe ya maili. Ijumaa ya sita daktari alimwonyesha Apolot karatasi ya herufi ukutani. Apolot alisema anaziona zote, hata zile za chini zilizo kama sisimizi. Alipoulizwa majina ya herufi hizo, akasema ameyasahau. Daktari, mtu mwenye subira, kwa ombi lake aliibeba karatasi mpaka barazani, Apolot akapanda pikipiki akakaa nyuma ya kioo. Msichana akazisoma zote mpaka mwisho. Daktari akaandika kwamba macho yamepona, akamwambia Etyang amnunulie mtoto viatu.

Kioo hakikutolewa. Kila Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, Apolot alikuja akaketi juu ya pikipiki iliyosimama, na Agwang akamletea chochote chenye maandishi: karatasi ya sabuni, cheti cha ubatizo, gazeti lililofungia chumvi. Etyang aliketi upande wa pili wa ghala akimenya karanga, akisikiliza. Sauti ile aliipenda. Siku asipoisikia, karanga hazikumenyeka.

Mwezi wa nane ikaja barua kutoka kwa mzee Odoi wa Petta. Otai, mwana wa kwanza wa Etyang, alitaka kuoa, na zizi lilikuwa tupu. Dada yake Asio alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita, wa tatu katika mtihani. Agwang aliipeleka barua nyuma ya kioo.

"Kwa mzee Etyang," msichana alisoma. "Binti tumemwona, tumempenda. Jumamosi tutaleta ng'ombe sita. Tunaomba muhula ujao msimlipie ada, maana atakuwa kwetu."

Hakukwama hata mahali pamoja. Kuku walipita uani. Agwang alitazama vidole vyake.

"Kaka," msichana aliita, "nisome tena?"

"Hapana," Etyang alisema kutoka nyuma ya ghala. "Nimesikia."

"Si unaweza kuwajibu hapana?"

Etyang alimenya karanga moja, kisha nyingine. Msichana alingoja, kisha akashuka, na Etyang akageuza uso.

Jumamosi ng'ombe walikuja, sita, mmoja ana baka jeupe begani. Aliyewaona wa kwanza, wangali mbali sana wakivuka kinamasi, alikuwa Apolot.