Kompyuta Moja Tu

Mama mkwe hakubisha hodi. Aliingia moja kwa moja kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, akavuta kiti cha wateja, akaketi. Ungedhani si yeye aliyemtupia mjane mwenye kibanda hiki mabegi yake barabarani miaka miwili iliyopita, kaburi la mumewe halijakauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Miaka mitatu ya ndoa aliitwa "huyo".

Bibi huyo akafungua fundo la kitambaa, akatoa kicheza muziki cha marehemu, kidogo kama kiberiti. Mle ndani marehemu alijirekodi akiimba, akitania, akimgombeza mama yake kwa kuzidisha chumvi.

"Betri imechoka. Kikizimika tena hakiwaki, na sauti yake sina kwingine. Nataka itolewe iwekwe kwenye simu. Mafundi wote wamenikatalia, eti kinajuana na kompyuta moja tu, ile kiliyoanza nayo. Ndiyo hiyo yako."

"Yangu? Si ulisema nimemwibia marehemu?"

"Yamepita hayo."

"Yamekupita wewe."

Hata hivyo akachomeka waya. Kompyuta haikukitambua, mwaka jana alikuwa ameifuta yote akaiwekea programu upya. Swali likatokea kwenye skrini: kicheza muziki hiki ni cha kompyuta nyingine, je, vifutwe vyote vilivyomo kisha kilinganishwe na hii, kichukue sauti zake? Ndiyo, au Ghairi. Alijua dawa yake. Unaghairi, unatumia programu nyingine, sauti zinatoka salama. Wiki iliyopita tu alimfanyia hivyo mwalimu mmoja.

"Inasemaje?" bibi akauliza.

"Inauliza kama kilinganishwe na kompyuta hii."

Hapo hakudanganya neno. Aliruka nusu ya kwanza tu.

"Si kilinganishwe? Mbona unaganda?"

"Bonyeza mwenyewe, mama. Hapo penye Ndiyo. Kitu ni cha mwanao."

Akamsogezea kipanya. Bibi akabonyeza kwa nguvu kama anayeua kunguni. Mjane akarudi kubana karatasi za watu kwa pini, mikono imetulia kabisa.

Ilipomaliza, bibi akavaa spika za masikioni. Akatabasamu kwanza, kwa kujiandaa. Kisha uso ukakunjamana. Kwenye kompyuta ile mlikuwa na sauti moja tu, tangazo la kipaza sauti cha mlangoni.

"Kuchapa, kopi, picha za pasipoti... Huyu si wewe?"

"Ni mimi."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Umemfuta, mama. Umebonyeza mwenyewe, nimekuona."

Bibi hakulia. Alilirudia tangazo tangu mwanzo, macho kayafumba, kiganja kakibana sikioni, akimtafuta mwanawe nyuma ya maneno yale. Akalirudia tena.

Mteja akasimama mlangoni na kitambulisho. Mjane akakipokea, akafunua mashine.

"Upande mmoja au zote mbili?"