Hakimu Tayari

Kabla hakujapambazuka, bakuli la bati lilikwaruza sakafu ya jikoni. Kraa. Kimya kidogo. Kraa tena. Bibi alifumbua macho akatabasamu gizani. Paka wake alikuwa akilisukuma bakuli kwa pua, kama mteja aliyechoka kusubiri.

"Nimesikia, mheshimiwa," alisema huku akitafuta kandambili kwa miguu. "Mahakama bado haijafunguliwa."

Walimwita Hakimu kwa sababu alizoea kukaa mlangoni na kumkodolea macho kila aingiaye, kana kwamba anaijua kesi yake. Mwaka ule alianza kunywa maji kama aliyelamba chumvi. Alikula sana na bado akakonda, mpaka uti wa mgongo ukahesabika kwa vidole. Daktari wa wanyama alimpima damu akasema ni kisukari. Dawa yake insulini, asubuhi na jioni, akishakula, kwa sindano nyembamba kama unywele. Bila hiyo, alisema, paka hatafika mbali.

Macho ya Bibi hayakuiona vizuri mistari ya bomba la sindano. Aliyeiona alikuwa jirani yake, fundi cherehani, ambaye kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, na kila jioni akishakifunga, aliingia kwa ufunguo wake mwenyewe na kuuliza swali moja tu: "Hakimu tayari?" Yaani, ameshakula? Bibi akijibu "Tayari," fundi alitoa chupa kwenye friji, akaibingirisha taratibu viganjani, akavuta dawa hadi mstari wa pili na kuibana ngozi ya paka. Kabla Hakimu hajatoa hukumu, kazi imekwisha. Na hakuondoka bila kufagia mchanga wa paka, wala bila kujifanya hajaufagia.

Lakini siku zile shule zilikaribia kufunguliwa, na fundi alikuwa amefunikwa na sare. Alikuja macho mekundu, pini zimechomekwa kwenye kola. Asubuhi moja alisinzia amesimama, mkono juu ya friji. Bibi alimwona.

Ndipo alipotafuta miwani mpya, akaanza kuiona mistari. Fundi akishaondoka, Bibi alijifungia jikoni, akavuta maji kwa bomba la sindano na kulichoma chungwa. Machungwa ya nyumba ile yakawa na maji kuliko kawaida.

Asubuhi hii alikuwa ameamua. Hakimu alikula, akajilamba, akachomwa sindano na Bibi mwenyewe. Paka hakugeuza hata sikio. Bibi alitupa sindano kwenye kopo tupu la maziwa, kopo jipya aliloliandaa jana, akaenda kuoga akiwa na furaha kama biharusi.

Sabuni ilikuwa usoni mlango ulipofunguliwa.

"Hodi! Shikamoo Bibi! Hakimu tayari?"

"Marahaba, mwanangu! Tayari kabisa!" alijibu kutoka bafuni, akicheka peke yake. Alingoja fundi ashangae, aulize kulikoni.

Akasikia mlango wa friji. Akasikia nyayo.

"Haya Bibi, nakimbia! Jioni!" Mlango ukafungwa.

Mlango wa friji? Alitoka na povu masikioni, akafunua kopo. Ndani alitegemea sindano moja. Zilikuwa mbili.

Alimpigia daktari tena na tena, simu ikimteleza mkononi; ilipokelewa baada ya saa nzima.

"Daktari, Hakimu kachomwa mara mbili!"

"Na nani?"

"Na sisi sote!"

"Anakula?"

Bibi alimsogezea bakuli. Hakimu alinusa, akageuka. "Hataki."

"Anasimama?"

"Anasimama kama mlevi, baba."

"Mpake asali kwenye ufizi, kidogo kidogo. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Halafu mlete sasa hivi."

Fundi alipopigiwa simu aliiacha sare chini ya sindano ya cherehani, akaja mbio, utepe wa kupimia ukipepea shingoni. Hakuuliza kitu. Alimlaza Hakimu kwenye kapu la nguo akatangulia, na Bibi akafuata na chupa ya asali, kidole kikinata.

Daktari alimtundikia paka maji ya sukari akasema atalala palepale. Fundi alipoelewa kilichotokea, alikaa kwenye benchi na kujifunika uso kwa utepe wake.

Alfajiri iliyofuata bakuli halikukwaruza. Bibi alilala macho, akilisikiliza.

Mchana waliitwa kumchukua. Hakimu alikuwa amekaa wima, akimtazama daktari kwa jicho la kifungo cha maisha. "Huyu mzima," daktari alisema, "ila leo jioni hakuna sindano. Kesho nimpime kwanza, nitawaambia."

Nyumbani fundi aliweka kapu chini, kisha akaweka ufunguo mezani.

"Bibi, tafuta mwingine. Mimi nilitaka kukuulia paka."

"Nani kataka kumuua? Wewe umeuliza kama kila siku."

"Nawe ulisema tayari!"

"Nilisema tayari nimeshamchoma."

"Mimi nikasikia tayari kwa kuchomwa."

Neno lenyewe lilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa ameshika upande wake.

"Na ulijifunzia wapi kuchoma sindano, Bibi?"

"Kwenye machungwa."

"Machungwa yapi? Yale uliyonipa nikanywa juisi?"

"Yalikuwa na maji safi, mwanangu."

Fundi alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka; Bibi hakutaka kupambanua. Alimpa upindo wa kanga ajifute.

"Nilikuona ulivyosinzia pale kwenye friji," alisema. "Nikataka upate usingizi hata kidogo. Ningekuambia tu, haya yasingetokea."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuambia. Sasa hilo neno tulitoe humu ndani. Ukiingia, uliza: kala? Halafu uliza: kachomwa? Asubuhi nitamchoma mimi, wewe unihakikishie mistari tu. Jioni zako."

Hakimu alitoka kapuni, akayumba kidogo, akaenda jikoni. Kraa.

Fundi aliutazama ufunguo, hakuugusa. "Leo si hana sindano. Nitakuja kufanya nini?"

Bibi aliuchukua, akamtia kiganjani na kuvifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Kwani mimi nahitaji sindano ndipo uje kuniona? Jioni njoo, mwanangu. Njoo tu."