Kitako Kipya cha Hajji Buruhan

Siku kiboko alipomvunja mguu mama mmoja, Perpétue, kwenye njia ya kwenda ziwani, wakimbizi wa upande ule wa kambi ya Nakivale walikuwa wamekwisha kupoteza mashamba manane ya maharage. Kiboko huyo alikuwa dume mmoja, amefukuzwa majini na wenzake, ana kidonda kibichi shingoni na hasira isiyopoa. Barua iliandikwa, na baada ya wiki mbili akaja Hajji Buruhan, mfanyabiashara wa ngozi wa Mbarara, ambaye serikali ilimpa kibali cha kuua wanyama wasumbufu.

Watu walimkimbilia kwa furaha, kisha wakaiona bunduki yake. Ile mbao ya nyuma, kitako, ilikuwa imepasuka shingoni na kufungwa kwa waya.

"Gari ilipinduka nayo karibu na Kabingo," Hajji akawaambia. "Nikipiga hivi, mbao itavunjika usoni kwangu, na risasi itaenda kombo. Kiboko akijeruhiwa asife, mtazika watu. Kitako kipya naweza kupata Kampala. Fundi wa kukikalisha ndiye sijamwona."

Watu wakanung'unika. Nyuma yao wote alisimama Laurent, seremala, mikono mifukoni. Alikuwa ameona ufa ulipoanzia na ungeishia wapi. Akageuka, akaenda zake nyumbani bila kusema neno.

Kazi ile aliijua tangu ujana wake huko Fizi, kwa mjomba wake aliyewatengenezea wawindaji. Vita vilipofika, watu wenye silaha walimkuta kwenye karakana, wakamchukua msituni, na kwa miezi kumi na moja akawatilia bunduki zao vitako. Hakupiga risasi hata moja, lakini alijua bunduki zile zilikwenda kufanya nini. Alipotoroka na kufika Uganda, mwaka 2003, alianza kuchonga viti, milango na majeneza. Miaka sita sasa, na aliyejua habari ile ni mkewe tu, Madeleine.

"Papa Grâce, uliiona ile bunduki?" Madeleine akamuuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao huku akichambua maharage machache waliyookoa.

"Niliiona."

"Unaweza kuitengeneza?"

Laurent akaokota patasi, akaanza kuinoa.

"Mimi ninachota maji fasi ile ile Perpétue aliangukia," Madeleine akasema. "Na mutoto wako vile vile."

"Bataniuliza nilijifunzia wapi."

"Bakuulize. Utabajibu."

Asubuhi akapanda lori la ndizi hadi Mbarara, mfuko wa patasi mapajani. Alimkuta Hajji kwenye ghala lake la ngozi.

"Hajji, ile kazi ninaiweza. Lakini bunduki siibebi Nakivale. Nitaifanyia hapa, mulango wazi, na kile chuma cha kufungia risasi kikae mu mufuko yako."

Hajji akaweka chini ngozi aliyoshika. "Fundi, umejifunza wapi hii kazi?"

Njia nzima Laurent alikuwa ametengeneza uongo kuhusu kiwanda kimoja cha Bukavu. Alipofungua kinywa, uongo ukamgomea. Akaeleza yote, mjomba, msitu, ile miezi kumi na moja, macho yake yakiwa kwenye sakafu. Alipomaliza akaanza kukunja mfuko wake wa patasi, tayari kwa kufukuzwa, au kwa polisi.

"Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa na miaka kumi na saba," Hajji akasema. "Wanajeshi walinikamata hapa hapa mjini, wakanibebesha masanduku ya risasi siku tano. Hakuna aliyeniuliza kama nataka." Akamwita mkewe aliyekuwa uani, "Jalia! Leta chai, kuna mgeni."

Laurent akakaa. Hakujua kwamba jambo alilolificha miaka yote hiyo lingeweza kusemwa kwa muda mfupi hivyo, na dari isianguke.

Baada ya siku nne vitako viwili vikafika kutoka Kampala, Laurent achague kimoja, kingine kirudi dukani. Vyote vilikuwa vya mti wa mjozi, wa nchi za baridi, vimechongwa umbo tu. Kimoja kilikuwa na michirizi myeusi iliyojikunja kama moshi, na Hajji alikikumbatia palepale. Cha pili kilikuwa na rangi moja, kama mbao ya meza.

Laurent akavipangusa kwa kitambaa kibichi ili nyuzi za mbao zionekane. "Hajji, hiki kizuri tukirudishe."

"Wewe fundi! Hiki nimekipenda."

"Angalia hapa shingoni, fasi unashikia. Nyuzi zinakatisha. Teke la kwanza la bunduki kitavumilia. La kumi kitapasuka, na shavu lako liko hapo hapo. Hiki kingine hakina sura, lakini nyuzi zimenyooka mupaka mwisho."

Hajji akakitazama kile kizuri mara ya mwisho, akashusha pumzi na kukirudisha kwenye boksi.

Laurent akampima mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha kufyatulia, akakipunguza kitako urefu wa vidole viwili. Kisha ikaja kazi yenyewe. Aliupaka mtutu masizi ya taa, akaulaza ndani ya mbao, akauinua, na kila palipobaki weusi akaparua kwa patasi, kidogo, kama anayenyoa mtoto. Akapaka tena, akalaza tena. Siku nzima ikaenda hivyo.

Siku ya pili patasi ikazama kupita kiasi. Chini ya mtutu kulikuwa na pande la chuma linalopokea kishindo na kulisukuma kwenye mbao, nalo lilipaswa kukaa bila nafasi yoyote nyuma yake. Sasa nafasi ilikuwepo, nene kama ukucha. Akiisha kukaza skrubu, hakuna jicho ambalo lingeiona. Lakini ingeipasua mbao, na mbele ya Hajji angekuwa kiboko.

Laurent akaenda ghalani, jasho likimtiririka. "Hajji, nimekosa. Nimekata mingi."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Inataka gundi ya chuma, ile ya mirija mbili, na siku moja ya kungoja."

"Basi tungoje," Hajji akasema, na kumtuma mtu dukani.

Laurent akapaka chuma nta kisishikwe, akajaza gundi, akakaza. Asubuhi akafungua skrubu, akagonga kwa kiganja, na mtutu ukang'oka safi. Lile pengo lilikuwa limejaa, gumu kama jiwe. Akacheka peke yake uani.

Waliijaribu bunduki malishoni kwa Hajji huko Masha, polisi mmoja akiwa pembeni na daftari lake. Laurent hakuwa amesikia bunduki kwa karibu tangu Fizi. Mlio wa kwanza ulipotoka, akashika nguzo ya ua. Wa pili alistahimili. Baada ya ule wa tano Hajji akageuka, meno yote nje.

"Haijanigonga! Miaka yote shavu langu linavimba, leo hata kidogo!"

Laurent akapitisha ukucha shingoni mwa kitako, juu na chini, akakipeleka kwenye jua. Hakukuwa na ufa. Akaketi kwenye nyasi, akahisi mabega yake yakishuka, kana kwamba mtu amemtua mzigo.

Alhamisi iliyofuata, kulipopambazuka, Nakivale ilisikia milio miwili kutoka ukingoni, kisha kimya, kisha vigelegele. Madeleine alishika ndoo akaenda kuchota maji bila kukimbia. Nyama iligawanywa kwa watu wa pale, na pande la kwanza likapelekwa kwa Perpétue.

Nestor, jirani yao, akamsogelea Laurent akiwa na kisu mkononi na damu hadi viwikoni. "Hajji anasema wewe ndiye ulitengeneza ile bunduki. Kumbe? Ulijifunzia wapi?"

"Kwetu Fizi," Laurent akasema. "Kwa mujomba. Na kisha mu vita, kwa nguvu. Njoo jioni, nitakuelezea."

"Nitakuja," Nestor akasema, akainama kuendelea kukata.