Majibu ya Rosalie

Mguu wa kushoto wa Rosalie ulifungwa bendeji hadi gotini, bendeji ikafungwa kamba, na kamba ikapita juu ya chuma cha kitanda na kushika kidumu cha lita tano kilichojaa mchanga. Kila aliyepita kati ya vitanda alikigonga. Kikigongwa, Rosalie alipiga ukelele. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu nyonga ivunjike, na wodi nzima ya ile hospitali ya Lilongwe ilikuwa imemchoka.

Mumewe, Apollinaire, alikaa sakafuni juu ya gunia, akikishika kidumu kwa mikono miwili kama anayezuia mbuzi. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Kwao Bukavu, Kongo, alikuwa mwalimu. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, miaka kumi na minne sasa, alikuwa fundi cherehani.

"Papa Douce," Rosalie alisema, ulimi mzito. "Waambie baache kunipa vile vidonge. Miguu yote mbili haiko yangu tena."

"Vumilia, Mama Douce. Kidogo tu."

Kidogo hicho kilikuwa kimemaliza miaka mitatu. Kambini kila mtu anajua, au anadhani anajua, kwamba dosiye, lile faili la kuomba kupelekwa ng'ambo, hutembea ikiwa na mgonjwa ndani, na isiyo na mgonjwa hulala. Apollinaire hakuwa na mgonjwa. Alikuwa na mke aliyelia usingizini miezi ya kwanza baada ya kukimbia Bukavu, kisha akanyamaza, akaingia kwaya. Basi siku ya mahojiano akatia chumvi: mke wangu anaona watu wasiokuwepo, anatoka mbio nje, anataka kujitupa kisimani. Ofisi ya wakimbizi ikampeleka Rosalie kwa mganga wa akili, mganga akaandika vidonge vya kutuliza, asubuhi na jioni. Apollinaire alirudi nyumbani akichekelea. "Tutavitupa mu choo," alimwambia.

"Na nesi akiniuliza kama nakunywa?"

"Useme ndiyo."

"Wewe njo ulisema uongo. Mi sitaongeza ingine."

Akavimeza, kila siku, mwanamke wa kanisa huyo, ili asije akamdanganya nesi. Akaanza kuburuta miguu, kisha akaanza kushika kuta. Asubuhi moja ya Mei, jua limeshatoka, akaanguka mlangoni pa choo, mahali alipopita miaka yote bila kujikwaa.

Siku hiyo ya kumi na moja alikuja daktari kijana pamoja na Carelle, msichana wa Kirundi aliyetumwa kutoka kambini kutafsiri. Daktari alisoma karatasi, akamfunua Rosalie kope kwa kidole, akasema maneno marefu kwa Kiingereza.

"Anasema hii mufupa inaomba operesheni," Carelle alitafsiri. "Lakini mama analala sana, presha iko chini. Dawa za akili njo zinamulegeza. Anauliza, ni lazima azikunywe? Mara ya mwisho aliona bantu benye habako ilikuwa lini?"

Apollinaire alisimama, magoti yakilia. "Mwambie hajawahi. Mi nilidanganya, mutoto wangu. Mambo yote ilitoka mu kinywa yangu, sababu ya dosiye. Baziondoe, bamupasue."

Carelle alimtazama. Kisha akamgeukia daktari, akasema taratibu, kwa sauti ya kazini, kwamba mzee anasema mama bado anawaona, hata wiki iliyopita aliwaona.

Apollinaire alielewa. Kiingereza chake hakikuwa cha kuhutubia, lakini neno la kukataa alikuwa nalo. Lilifika kwenye meno. Hapo akamkumbuka Douce, binti yake, na wajukuu wake watatu, wote wameandikwa kwenye dosiye hiyohiyo, chini ya jina la mama mgonjwa. Akafyata ulimi.

"Basi hatuwezi kuzikata," daktari alisema, na hilo Carelle alilitafsiri sawasawa. "Na kwa vile anapiga kelele, ataongezewa kidonge cha mchana. Operesheni tutaiangalia baadaye."

"Zikomo," Apollinaire alisema. Alishukuru kweli, kwa mazoea.

Alimfuata Carelle hadi kwenye korido.

"Muzee, siku ya mahojiano mi njo niliandika majibu yako," Carelle alisema kabla hajaulizwa. "Jina yangu iko pale chini. Ukisema ulidanganya, batauliza Carelle alikuwa wapi. Na Douce? Na batoto? Banafunga dosiye, njo basi. Mi pia niko na mama."

Apollinaire alirudi kando ya kitanda. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto, lakini aibu yake haikumsaidia Rosalie kitu. Kesho yake alipiga moyo konde, akaenda kumtafuta daktari mwenyewe. Aliambiwa amehamishiwa wodi nyingine, na dawa za akili hupunguzwa na mganga wa akili peke yake, naye angekuja mwisho wa mwezi.

Kidonge cha mchana kilifanya kazi. Wodi ikatulia. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Kauma, aliyekuwa akimuuguza mama yake kitanda cha pili, alimpongeza Apollinaire kwamba agogo wake, yaani bibi mzee, amepata nafuu, maana halii tena. Kweli, Rosalie hakulia. Hakuomba maji wala kugeuzwa. Mgongo ukachimbika kidonda. Akaanza kukohoa kikohozi kisicho na nguvu, na uji aliolishwa ukatoka tena pembeni mwa mdomo.

Jumapili mchana Douce alipiga simu. Alikuwa akilia na kucheka pamoja.

"Papa! Dosiye imetoka! Kesho bantu ba ofisi banakuja huko hospitali, banamuona mama pa kitanda. Lakini banasema lazima ajibu yeye mwenyewe, na kinywa yake. Kama hajibu, banatuweka pembeni."

Apollinaire alimwosha mkewe uso, akamchana nywele, akamwinua kichwa juu ya mto. Mwanamke wa Kauma aliacha kula, akawa anamtazama.

"Jina lako ni nani?" aliuliza Apollinaire, kwa ile sauti yake ya darasani.

Kifua kilikoroma.

"Ulizaliwa wapi? Ulitoka Bukavu mwaka gani?"

Kope moja ilicheza, ikatulia. Nesi alipita na sahani ya vidonge, akamwambia amwache bibi apumzike. Apollinaire alimsubiri apite. Kisha akainama, akaweka sikio kwenye mdomo wa mkewe, mahali palipotoka pumzi ya moto yenye harufu ya dawa.

"Jina tu, Mama Douce," alisema. "Anza na jina."