Mkanda Aliouona Fundi Cherehani

Fundi cherehani aliwahi kuolewa na mwanamume wa mkanda. Bwana yule akiingia nyumbani huuzungushia kiganjani, kisha humpiga mkewe mpaka achoke yeye mwenyewe. Siku alipomvunja ubavu, mama watu alimbeba mtoto akaondoka, hata mlango hakuufunga. Miaka ikapita, zikaja habari kwamba mume amekufa na amezikwa. Hakulia wala hakushangilia. Aliendelea kushona.

Mtoto akakua, akawa kijana mpole, fundi kama mama yake. Lakini kwa sura alikuwa baba mtupu: mabega, mwendo, mpaka kikohozi. Majirani walitania kwamba marehemu kajifyatua kama tofali.

Mchana mmoja mama alikuwa ameinamia meza akikata kitambaa. Kijana akaingia kutoka uani, akiuzungusha utepe wa kupimia kiganjani usiburutike chini. Mama akainua macho akaona mkanda. Aliona hata chuma chake kikimeta. Kabla hajawaza lolote, mkasi ulikuwa umezama begani mwa mwanawe. Akauchomoa, akachoma tena. Mara ya tatu ukapasua shavu, damu ikarukia nguo za watu ukutani. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri nguo alimkamata mama kwa nyuma. Mteja akatupwa huko, akaangukia pasi ya moto, mkono ukamwungua.

"Mama, ni mimi," kijana akasema.

Sauti nayo ilikuwa ya baba yake. Mama akainua mkasi. Kijana akapiga magoti, akaficha kichwa kwa mikono. Mumewe hakuwahi kumpigia mtu magoti. Hapo ndipo mkasi ulipomdondoka.

Hospitalini kijana alidai ameangukia kioo. Mama akamkatiza, akaeleza yote bila kujitetea. Muuguzi aliyekuwa akilishona shavu akauliza kama hakujua kwamba yule ni mwanawe.

"Nilijua," akajibu. "Na nilijua mume wangu yuko kaburini. Lakini mkanda niliuona kwa macho yangu. Kujua kulichelewa kufika."

Jirani aliyewasindikiza akasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama akalitazama shavu la mwanawe. Ung'ongo ni uzi wa ukindu tu, hautoki damu.

Walirudi nyumbani. Siku chache baadaye kijana alikohoa nyuma ya mama yake jikoni, mama akageuka na kujikuta ameshika kisu. Wote wawili wakakitazama. Jioni ile mama akamwita kaka yake aje amchukue mpwa wake.

"Sikufukuzi, baba," akamwambia mwanawe. "Ninayemwogopa ni mimi mwenyewe."

Kijana akahamia kwa mjomba. Huja kumwamkia mama yake mara kwa mara, naye humtazama kwanza shavuni, kwenye kovu. Mumewe hakuwa na kovu. Tangu jeraha lilipopona hajawafananisha tena, na kila mwanawe akiaga, mama huingia ndani akalia.