Kipapasio Kilichovuka Maji

Mbawakawa alifika ndani ya kikopo cha vidonge, amezungushiwa pamba, pamoja na kipande cha gome alilokutwa juu yake. Mtaalamu wa wadudu alimlainisha kwa mvuke, akampanga miguu kwa kibano, akamchoma pini kwenye bawa gumu la kulia, mahali inapotakiwa, kisha akamweka chini ya hadubini. Alikuwa dume, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye kila bawa na vipapasio, zile pembe nyembamba za kichwani, vilivyouzidi mwili wake kwa mbali. Hakuna aliyefanana naye katika droo zote za jumba la makumbusho.

Aliyemtuma alikuwa mdogo wa mtaalamu huyo, aliyebaki kisiwani walikozaliwa. Mdudu huyo aliishi kwenye aina moja ya mti, na miti hiyo ilikuwa kwenye kilima kimoja tu, nyuma ya nyumba yao, pale walipomzika mama yao. Kampuni ya mbao ilikuwa imeshapaka rangi nyekundu kwenye mashina. Sheria ya kisiwa ilikataza kukata msitu wenye kiumbe asiyepatikana kwingine, ila kiumbe huyo lazima awe na jina lililochapishwa.

"Dada, mpe jina tu," mdogo wake alisema kwenye simu. "Si ndiyo kazi yako?"

"Nina dume peke yake. Nitafutie jike."

"Wenzio wanatia misumeno makali, wewe unamtafutia mdudu mchumba?"

"Haraka haraka haina baraka, mdogo wangu."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," alisema, akacheka kidogo. "Haya. Nitatafuta."

Haikuwa ukaidi. Mtaalamu aliwahi kukuta dume na jike wa aina moja wamepewa majina mawili na watu wawili wenye haraka, mume na mke wakakaa droo mbalimbali miaka na miaka. Yeye ndiye aliyewaunganisha, na tangu hapo hakuandika maelezo ya nusu. Mkurugenzi alimsifu kwa hilo. Akasema jumba halina haraka.

Wiki iliyofuata kipapasio cha kushoto kilikuwa kimerefuka mpaka nje ya boksi la mdudu. Mtaalamu alikipima, akasahihisha maelezo yake. Kesho yake akasahihisha tena. Kilipofika sakafuni aliacha kukipima, akaandika kwamba ni kirefu.

Kilikuwa chembamba kama uzi wa cherehani, chenye pingili kama muwa, na kilikwenda polepole, ncha yake ikigusagusa kila kitu kabla ya kupita. Kilishuka ngazi. Mfagizi, mama mwenye goti bovu, alikiinua akafagia chini yake, na mahali kilipokaza kati ya nguzo mbili akaanika vitambaa vyake vya kufutia vumbi.

"Vinakauka vizuri hapa," alisema. "Mdudu asivute tu kwa nguvu, atanirarulia."

Alasiri moja mlinzi alipiga simu kutoka langoni.

"Mama, mtu wako amefika huku. Nimfungulie?"

"Mfungulie."

"Anakwenda wapi?"

"Kutafuta jike."

"Basi tumwache," mlinzi alisema. "Sote tulianza hivyo."

Kilipita kwa mafundi viatu, kikakata barabara kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, kikashuka gatini na kuingia majini. Meli za mizigo zilipunguza mwendo pale kilipopita, kama zinavyofanya kwa boya.

Mdogo wake alipiga simu asubuhi.

"Dada, pembe imefika. Inagusa miti, mmoja mmoja. Kila penye rangi nyekundu inakaa kidogo, halafu inaendelea."

"Na jike?"

"Bado. Dada, wameanza kukata upande wa chini. Andika hivyo hivyo."

Mtaalamu alimtazama dume kwenye pini. Maelezo ya dume yalikuwa tayari, yamelala mezani, hayana kosa. Nafasi ya jike ilikuwa wazi.

"Kwa kuwa amefika," alisema, "hatakawia."

Na kweli hakukawia. Ncha ya kipapasio ilisimama kwenye mti wa juu kabisa, ule wa kwenye kaburi, na jike akatoka kwenye ufa wa gome. Alikuwa mnene, hana doa. Alipanda juu ya kipapasio, akaanza kutembea kuelekea mjini. Mdogo wake alieleza haya yote kwa sauti ya chini, huku nyuma yake misumeno ikilia. Kisha akasema, "Wamefika kwa mama," na simu ikakatika.

Jike alivuka maji kwa miguu. Alipita langoni, mlinzi akampisha. Alipita chini ya vitambaa vya mfagizi, akapanda ngazi, akaingia ofisini saa ya chai, miguu yake imejaa unga wa mbao mwekundu. Alimkuta dume kwenye pini, akamzunguka, akajilaza kando yake. Vikombe vilipokusanywa alikuwa amekufa. Mtaalamu alimwachia unga ule miguuni. Alimpima, akajaza nafasi iliyokuwa wazi, akampa mdudu jina la mama yao.

Maelezo yalichapishwa. Mkurugenzi alisema hajaona kazi iliyokamilika namna ile, dume na jike, hakuna pengo. Serikali ya kisiwa haikuchelewa: ilipiga marufuku mtu yeyote kumkamata mbawakawa huyo katika msitu wa kilima kile, na ikasimamisha bango kati ya visiki.

Dume na jike wako droo moja. Droo haifungwi sawasawa kwa sababu ya kipapasio, ambacho hakijaacha kwenda mbele. Mfagizi bado anaanika vitambaa vyake.

Mdogo wa mtaalamu hapokei simu. Jioni, kabla ya kuzima taa, mtaalamu huweka kidole kwenye pingili ya kwanza, karibu na kichwa. Siku nyingine husikia mtikisiko mdogo ukitoka ng'ambo, mzito kidogo, kama mtu ameshika ncha mkononi. Naye hakivuti. Husimama hapo, kidole juu ya kipapasio, mpaka aliye ng'ambo aachie.